Kundi la 1984 au la 1996? Tuhesabu dakika kwanza

Mhariri,

Kila Juni, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inapofanya drafti yake, yaani timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, kurasa za michezo hufufua ubishi uleule: kati ya makundi ya wachezaji waliochaguliwa mwaka mmoja, lipi lingetoa timu kali kuliko mengine? Ubishi mtamu, sikatai. Tatizo ni jinsi unavyoamuliwa. Mwandishi anapanga majina matano makubwa ya mwaka huu na matano ya mwaka ule, anajumlisha tuzo zao, anatangaza mshindi. Hapo tumejua nani ana kabati kubwa la vikombe. Timu ipi ingeshinda bado hatujaambiwa.

Hesabu yenyewe ya tuzo inapinda kirahisi mno. Ukihesabu MVP, yaani tuzo za mchezaji bora wa msimu, kundi la 1984 halina mpinzani: Michael Jordan 5, Hakeem Olajuwon 1, Charles Barkley 1, jumla 7. Kundi la 1996 lina 4, yaani Steve Nash 2, Allen Iverson 1 na Kobe Bryant 1. La 2003 lina 4 pia, zote za LeBron James. La 2009 lina 3: Stephen Curry 2, James Harden 1. Sasa badili kipimo, uhesabu waliowahi kuitwa kwenye mechi ya nyota. Kundi la 1996 linapanda kileleni kwa wachezaji 10 waliochaguliwa usiku ule, 2003 linafuata na 9, 1984 linashuka hadi 7, na 2009 linabaki na 6. Mabingwa wamebadilika na hakuna aliyedunda mpira hata mara moja.

Anayetaka kulinganisha kwa haki aanze na swali ambalo wengi hulipita: nani ni wa kundi? Ni yule aliyechaguliwa mwaka huo, au yule aliyeanza kucheza mwaka huo? David Robinson alichaguliwa namba 1 mwaka 1987 na San Antonio, lakini alikwenda kutumikia jeshi la majini na hakucheza hadi msimu wa 1989-90. Arvydas Sabonis alichaguliwa na Portland mwaka 1986, akafika 1995. Blake Griffin, namba 1 wa 2009, alikosa msimu wake wa kwanza mzima kwa jeraha la goti. Ukihesabu kwa mwaka wa kuanza kucheza, hao wote wanahama. Mimi nahesabu kwa usiku wa drafti, kwa sababu ni tarehe moja isiyobishaniwa. Ila ukishachagua njia, usiibadilishe katikati pale inapokunyima mchezaji unayempenda.

Kisha wapo ambao hawakuchaguliwa kabisa, na hapa ndipo penye uzito kuliko panavyoonekana. Ben Wallace alisubiri drafti ya 1996 hadi mwisho na jina lake halikusomwa. Baadaye akawa mchezaji bora wa ulinzi mara 4, 2002, 2003, 2005 na 2006, na leo yumo katika Ukumbi wa Umaarufu. Wengi humtoa: hakuchaguliwa, basi si wa 1996. Sawa, lakini tazama drafti zenyewe. Ya 1984 ilikuwa na raundi 10 na majina 228. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba Chicago, baada ya kumchukua Jordan namba 3, walifika namba 208 wakamchagua mwanariadha Carl Lewis. New Jersey walimchagua Mbrazili Oscar Schmidt namba 131, naye akakataa kwenda kwa sababu enzi hizo kucheza NBA kulimaanisha kuipoteza timu ya taifa. Tangu 1989 raundi ni 2 tu, na mwaka 1996 yalisomwa majina 58. Kwa hiyo ukimtoa Wallace unaliadhibu kundi la 1996 kwa kuwa na drafti fupi, huku kundi la 1984 likibeba hata mkimbiaji wa mita 100. Kanuni ninayoitetea ni hii: asiyechaguliwa ahesabiwe katika mwaka aliokuwa na haki ya kuchaguliwa kwa mara ya mwisho. Wallace anaingia. Wesley Matthews naye anaingia 2009.

Suala la pili ni mchezaji wa umri gani. Ukichukua jumla ya maisha yote uwanjani, unampa John Stockton faida ya misimu 19 ambayo timu ya mfululizo wa mechi 7 (wa kwanza kushinda 4 ndiye bingwa) haiihitaji, na unamburuza Olajuwon hadi msimu wake wa mwisho wa Toronto akiwa amechoka. Ukichukua msimu mmoja bora, unafungua mlango kwa ajali. Tyreke Evans, namba 4 wa 2009, alimaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa pointi 20.1, asisti (pasi za kufungisha) 5.8 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukoswa) 5.3, akawa chipukizi bora wa mwaka. Hakufikisha tena pointi 20. Timu ya 2009 inayomtumia Evans wa msimu ule peke yake inatumia mtu ambaye hakuwahi kurudi. Misimu 3 mfululizo inatosha: Jordan wa 1989-90 hadi 1991-92, Olajuwon wa 1992-93 hadi 1994-95, James wa 2011-12 hadi 2013-14.

Namba za misimu hiyo nazo usizichukue zilivyo. Msimu wa 1984-85 timu ya kawaida ya NBA ilipata mashambulizi kama 102 kwa dakika 48. Msimu wa 2003-04 yalikuwa kama 90. Mtu mwenye pointi 27 katika mchezo wa kasi ya 102 ni sawa na mwenye pointi 23.8 katika mchezo wa 90: gawa kwa 102, zidisha kwa 90. Asiyefanya hesabu hiyo huona wachezaji wa miaka ya 1980 kama majitu, na wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama wavivu. Ribaundi zinahitaji marekebisho hayohayo, maana mitupo iliyokoswa ndiyo inayozizaa.

Sasa njoo kwenye kosa kubwa kuliko yote, nalo ni la mpira mmoja. Kobe Bryant wa 2005-06 alitupa mara 27.2 kwa mechi. Iverson wa 2000-01, mwaka wake wa MVP, alitupa 25.5. Waweke pamoja: mitupo 52.7 kwa watu wawili. Timu ya enzi hizo ilitupa kama mara 80 kwa mechi. Ray Allen, Peja Stojakovic, Nash, Jermaine O'Neal na benchi zima wagawane 27? Ndiyo maana orodha ya majina ya 1996 inatisha kwenye karatasi na inakwama uwanjani. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 1984: Jordan kama 22, Olajuwon 21, Barkley 18, Stockton 12. Jumla 73, na timu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitupa zaidi ya mara 80. Wanatoshana, na chenji inabaki ya akina Otis Thorpe kuokota chini ya ringi.

Hatuna haja ya kubahatisha juu ya nyota wa kundi moja wakiwekwa timu moja, kwani jaribio hilo lilifanyika mbele ya macho ya kila mtu. James, Chris Bosh na Dwyane Wade walichaguliwa namba 1, 4 na 5 mwaka 2003, na mwaka 2010 wakakutana Miami. Msimu wa mwisho kabla ya kukutana, James alikuwa na wastani wa pointi 29.7, Wade 26.6, Bosh 24.0, jumla 80.3. Msimu wa 2012-13 walikuwa na 26.8, 21.2 na 16.6, jumla 64.6. Karibu moja ya tano ya pointi zao iliyeyuka, na msimu huo ndio walioshinda mechi 66 kati ya 82, zikiwemo 27 mfululizo, wakatwaa ubingwa. Hata hivyo haikuwa mteremko: katika mechi 17 za kwanza za 2010 walishinda 9 na kupoteza 8, na fainali ya msimu huo wakafungwa na Dallas.

Aliyejinyima kuliko wote ni Bosh. Alipunguza pointi zaidi ya 7, akahamia senta kugombana na watu wazito kuliko yeye, akajifunza kusimama pembeni na kutupa. Kwa hiyo kabla hujaandika jina la tano katika timu yako ya ndoto, jiulize: nani kati ya hawa atakuwa Bosh? Katika kundi la 1996 jibu lipo, ni Ray Allen. Alitoka Seattle na wastani wa pointi 26.4, akaenda Boston 2007-08 akashuka hadi 17.4, akavaa pete ya ubingwa. Iverson ni swali jingine. Mwaka 2009 alisaini Memphis, akacheza mechi 3 tu na kuondoka, kwa kuwa hakukubali kuanzia benchi. (Mwenzake mmoja katika kikosi kile alikuwa Mtanzania Hasheem Thabeet, tutamrudia.) Timu ya 1996 inayomwanzisha Iverson pamoja na Kobe na Nash ina wachezesha timu watatu na walinzi wasiotosha. Inayomweka benchi lazima ikubali kwamba ameshatuonyesha angefanya nini.

Baada ya majina, andika dakika. Mechi ya NBA ina dakika 48, watu 5, jumla 240, na hizo 240 ndizo zinazoumbua orodha nyingi. Kwa 1984 ningezigawa hivi: pointi gadi (mchezesha timu), Stockton 36 na Vern Fleming 12. Gadi wa pili, Jordan 28 na Alvin Robertson 20. Fowadi mdogo, Jerome Kersey 28, Jordan 10, Sam Perkins 10. Fowadi mkubwa, Barkley 36 na Thorpe 12. Senta, Olajuwon 38 na Kevin Willis 10. Zinajaa 240 kamili, na mara moja unaona shimo liko wapi: fowadi mdogo. Kundi hili lenye MVP 7 linategemea dakika 28 za Kersey, aliyechaguliwa namba 46. Alikuwa mchezaji mzuri, mkimbiaji, mlinzi asiyechoka, lakini mtupo wa mbali hakuwa nao. Orodha za majina matano huficha shimo hili kwa kuandika "Jordan, Barkley, Olajuwon" kwa herufi kubwa.

Benchi lake, kwa upande mwingine, halithaminiwi. Robertson alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa 1986 na msimu huo alipokonya mpira mara 301, rekodi ambayo haijavunjwa. Februari mwaka huohuo alimaliza mechi moja na pointi 20, ribaundi 11, asisti 10 na mipira 10 ya kupokonya. Willis wa 1991-92 alikuwa na ribaundi 15.5 kwa mechi, na hapa tunampa dakika 10. Timu inayomwita mtu wa namna hiyo kumpumzisha Olajuwon haina njaa chini ya ringi.

Kwa 1996, Nash anachukua dakika 34 za pointi gadi na Iverson 14. Kobe, Allen, Stojakovic na Iverson wanagawana nafasi mbili za pembeni. O'Neal anaanza fowadi mkubwa, Wallace senta, Marcus Camby anawapokea wote wawili, Shareef Abdur-Rahim anabaki na dakika chache. Stephon Marbury na Antoine Walker, wote nyota wa ligi, hawapati hata sekunde. Ndiyo raha na karaha ya kundi lile: urefu wa benchi haukusaidii kitu ikiwa wanaokaa pale wote wanafanya kazi ileile.

Lipo jambo jingine ambalo nisipolitaja barua hii haina maana: mnacheza kwa kitabu kipi cha sheria? NBA ya 1991 na ya 2016 ni michezo miwili inayofanana jina. Hadi 2001 ulinzi wa kanda ulikatazwa. Mlinzi alipaswa kumfuata mtu wake, au aende moja kwa moja kumsaidia mwenzake anayemkaba mwenye mpira. Kuning'inia katikati kulikuwa kosa. Tangu msimu wa 2001-02 kanda inaruhusiwa, ila mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu asikae zaidi ya sekunde 3 chini ya ringi. Msimu wa 2004-05 waamuzi wakaanza kupuliza kwa ukali kila mlinzi anapomwekea kiganja mwenye mpira anayetazama goli. Si bahati tupu kwamba MVP mbili za Nash ni za 2005 na 2006.

Mstari wa pointi 3 pia umetembea. Kati ya 1994 na 1997 ulisogezwa karibu, mita 6.71 kuzunguka kote. Kabla na baada ya hapo ni mita 7.24 mbele ya ringi na 6.71 pembeni. Msimu wa 1984-85 timu ya kawaida ilitupa kutoka huko mara 3 kwa mechi. Msimu wa 2015-16, Curry alipofunga 402 peke yake, timu ya kawaida ilitupa mara 24. Ukichukua asilimia za Jordan za pointi 3, 32.7 katika maisha yake, ukaziweka pembeni ya 42.8 za Nash, kumbuka kwamba mmoja alikua katika ligi iliyouona mtupo ule kama mchezo wa kubahatisha mwisho wa robo. Pengine Jordan angejifunza. Lakini timu ya ndoto hujengwa kwa mtu aliyekuwepo, haijengwi kwa mtu ambaye angekuwepo.

Basi tuzipambanishe, mechi 7 kwa kila kitabu.

Kwa kitabu cha 1991, 1984 linamaliza kazi mapema. Olajuwon akipokea mpira ubavuni mwa ringi, 1996 lina njia mbili: kumwacha Wallace peke yake, au kuleta mtu wa pili waziwazi na kumwacha mwenzake huru. Wallace ni mmoja wa wachache waliomkaba Shaquille O'Neal bila msaada, katika fainali za 2004, lakini Shaq alikuwa nguvu na Olajuwon ni miguu. Anageuka kushoto, bega linadanganya kulia, Wallace anaruka, Olajuwon bado yuko chini. Kule pembeni Robertson na Jordan wanaweza kumwekea Nash mkono na kumsukuma hadi mahali asipotaka. Iverson angefunga, alimfunga kila mtu, ila kwa mitupo mingi na asilimia ndogo: mwaka wake wa MVP alifunga asilimia 42.0. Mechi 5, labda 6.

Kwa kitabu cha 2016 hadithi inageuka. Wallace anasimama nyuma ya Olajuwon na Kobe anaweza kujongea mbele kuziba pasi bila kuadhibiwa, kwa sababu Kersey aliye pembeni hatupi. Kocha wa 1984 analazimika kubadili dakika zake: Kersey anashuka kutoka 28 hadi 12, Perkins anapanda kutoka 10 hadi 26. Perkins ana mtupo, asilimia 36.2 za pointi 3 katika maisha yake, uwanja unafunguka. Lakini sasa mtu wa sentimita 206, mzito wa miguu, ndiye wa kumkimbiza Stojakovic kupitia skrini tatu mfululizo, yaani wenzake wanaosimama kumzibia mlinzi njia. Stojakovic alifunga asilimia 40.1 kutoka mbali, Allen 40.0. Na Barkley, ambaye hata enzi zake ulinzi haukuwa ibada yake, anaburutwa kwenye kila skrini ya Nash na Jermaine O'Neal. Kila shambulizi la 1996 lingeanza kwa kumtafuta Barkley. Naye angelipa upande wa pili, kwani O'Neal hawezi kumzuia kwa ribaundi. Mtu wa chini ya mita 2 aliyeongoza ligi nzima kwa ribaundi 14.6 mwaka 1987 haoni shida kwa yeyote.

Hapo ndipo kanuni ya Ben Wallace inapoamua ubingwa. Mtupo huru wake ulikuwa asilimia 41.4. Ukimchezea faulo makusudi, mitupo miwili inawapa 1996 pointi 0.83 kwa shambulizi, na timu nzuri hupata zaidi ya 1. Kwa hiyo kati ya dakika ya 5 na ya 2 kabla ya mwisho, kocha anamtoa na kumwingiza Camby, mwenye asilimia 67. Dakika 2 zikibaki Wallace anarudi, kwa sababu sheria inabadilika: faulo ya makusudi mbali na mpira inawapa wenzake mtupo huru mmoja unaopigwa na yeyote aliye uwanjani, na mpira unabaki kwao. Yeyote huyo ni Nash, asilimia 90.4. Kocha asiyejua dirisha hilo la dakika 3 anapoteza mechi ambayo alikuwa ameshaishinda. Kwa kitabu cha 2016, Wallace akiwemo, nalipatia kundi la 1996 ushindi katika mechi ya 7, kwa tofauti ya vikapu viwili vitatu. Asipokuwemo, senta ni Camby na Zydrunas Ilgauskas. Camby alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa 2007, lakini ni mwembamba. Ilgauskas ana sentimita 221 na hatua nzito. Olajuwon anawafunga wote wawili kwa zamu, na 1984 linachukua kwa mechi 6.

Kundi la 2003 nalipatia nafasi ya tatu, na najua wapo watakaonirukia. James anaziba nafasi 4 kati ya 5, hilo pekee ni thamani ya mchezaji mmoja na nusu. Kyle Korver, namba 51, ni mtupaji ambaye kundi la 1984 lingempa kiti cha Kersey bila kufikiri. Carmelo Anthony aanzie benchi, na asikasirike mtu: katika Olimpiki ya London 2012 aliingia kutoka benchi dhidi ya Nigeria akafunga pointi 37 kwa dakika 14, pointi 3 mara 10. Shida iko senta. Chris Kaman anafunga ila hazuii, Kendrick Perkins anazuia ila hafungi, Bosh anafanya yote mawili lakini uzito unamwonea. Wade naye, asilimia 29.3 kutoka mbali, anamfanya mlinzi wake awe huru kukaa njiani pa James. Miami walilitatua hilo kwa kuwazungushia watupaji watupu, na dakika za kufanya hivyo hapa hazitoshi ukitaka pia kumchezesha Anthony.

La 2009 lina gadi bora kuliko kundi lolote: Curry, Harden, Jrue Holiday, DeMar DeRozan, na nyuma yao Danny Green, Patrick Beverley na Matthews kwa ajili ya ulinzi. Halina senta. Kiti hicho kilitengwa usiku uleule kwa Thabeet, sentimita 221, namba 2, mbele ya Harden na Curry. Wastani wake wa NBA uliishia pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Msomaji wa Kiswahili anatamani kumwandika, na namwelewa, lakini dakika 240 hazina huruma: senta wa 2009 ni Griffin akicheza juu ya kimo chake, akipokewa na Taj Gibson. Kwa kitabu cha 2016 wangeweza kulifunga kundi lolote mechi 2 au 3 usiku Curry akiwaka. Kwa kitabu cha 1991, Olajuwon angetupa mara 21 kutoka umbali wa mkono.

Ombi langu kwa dawati lako la michezo ni dogo. Mkichapisha tena ulinganisho wa aina hii, wekeni juu ya jedwali mambo manne: wasiochaguliwa wamo au hawamo, misimu mitatu ipi ya kila mchezaji, kitabu cha sheria cha mwaka gani, na dakika za kila mtu hadi zifike 240. Jedwali la tuzo linaweza kukaa chini, kwa maandishi madogo.

Na msiliingize kundi la 2018 bado, ingawa najua mnalitamani. Luka Doncic namba 3, Trae Young namba 5, Shai Gilgeous-Alexander namba 11 aliyekuja kuwa MVP wa 2025, Jalen Brunson namba 33: wote wanne wanataka kushika mpira kwa wakati mmoja, na misimu yao mitatu bora huenda haijaisha kuandikwa. Anayetaka kuanza mapema aanze na swali la nani atamkaba Olajuwon. Deandre Ayton ana mwili wa kazi hiyo. Jaren Jackson, mchezaji bora wa ulinzi wa 2023, ana akili yake, ila faulo mbili zingemwingia kabla robo ya kwanza haijaisha.

Msomaji wako wa kurasa za kikapu